Kijiti kipokewe wapi? Njia tatu za kukabidhiana roketi yenye watu, na ipi ifae klabu zetu za sayansi

Mwezi wa nane mwaka jana, kusi likiwa limekaza, klabu yetu ilirusha roketi ya chupa kwenye kiwanja cha shule, hapa Mtwara Mjini. Vifaa vilikuwa vile vya siku zote: chupa ya soda ya lita moja na nusu, maji theluthi moja, kizibo cha mpira chenye vali ya tairi, pampu ya baiskeli. Mimi nilikuwa kwenye pampu. Mwalimu mwenzangu alisimama upande wa pili, kivulini chini ya mkorosho, pamoja na wanafunzi. Tukahesabu tano mpaka moja, mwanafunzi akavuta kamba, chupa isitoke. Pini ilikuwa imekwama.

Nikapaza sauti, "Msisogee!" Mwenzangu aliiona kamba imelegea, akadhani presha imeshatoka, akamwambia kijana aliyekuwa karibu naye, "Hebu nenda kaitazame." Kijana wa kidato cha pili alisikia sauti mbili za walimu wawili. Akaitii ile iliyokuwa karibu. Alipobakiza hatua nne pini ikachomoka yenyewe, chupa ikampita ubavuni mwa sikio, ikamlowesha mwili mzima, ikaenda kugonga ukuta wa darasa ikapasuka. Alibaki amesimama palepale, sare imemganda mwilini, kiganja amekibana sikioni, macho ameyatoa.

Hakuumia. Lakini usiku ule sikupata usingizi, na kilichoninyima usingizi si pini. Pini hukwama. Kilichonisumbua ni kwamba sisi walimu wawili, kila mmoja kwa alichokiona, alikuwa na sababu ya kusema alichosema, na hakuna aliyejua kauli ya mwisho ni ya nani. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nimeifundisha methali hii darasani mara nyingi, na siku ile niliiona kwa macho.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi wanaorusha watu angani wanavyolipanga jambo hili. Kwao kila urushaji una dakika ambayo kundi moja linaacha usukani na kundi jingine linaushika, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1960. Nimekuta njia kuu tatu. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya walimu na walezi wa klabu za Mtwara na Lindi, ili kila mmoja achague yake kabla ya chupa inayofuata kujazwa upepo.

Kinachokabidhiwa ni nini hasa

Mkulima wa korosho analielewa jambo hili vizuri. Gunia likiwa kwenye mkokoteni wake, likinyeshewa ni hasara yake. Likishapita kwenye mzani wa ghala na stakabadhi ikaandikwa, kilo zitakazopungua baada ya hapo hazipaswi kuwa zake tena. Ugomvi mwingi wa msimu hutokea kwenye ule mwanya mdogo, gunia limeshashuka kwenye mkokoteni na karani hajaandika. Roketi nayo ina mzani wake, na swali la kwanza la kuuliza njia yoyote ni hili: mzani umewekwa wapi?

Ila roketi imelizidi ugumu gunia la korosho kwa jambo moja. Kinachokabidhiwa si kitu kimoja. Kuna kauli ya kuruhusu, yaani ruka. Kuna kauli ya kuzuia, yaani simama. Na kuna kauli ya kunusuru, yaani watoe watu sasa hivi hata kama roketi itapotea. Zile mbili za mwanzo hufa chombo kikishaacha ardhi, kwa sababu kilichoruka hakizuiliki tena. Kinachovuka kutoka chumba kimoja kwenda kingine ni kauli ya kunusuru, pamoja na kazi ya kukiongoza chombo. Kabla sijalitambua hili nilikuwa nikidhani makabidhiano ni heshima tu ya vyumba viwili. Sasa nauliza kwanza: kila sekunde, nani anaweza kuwaokoa?

Kuna makabidhiano mengine pia yasiyosikika sana, ya binadamu kwa mashine. Kwenye shuttle za Marekani, vyombo vya anga vya kurudi na kuruka tena vilivyotumika kuanzia 1981 hadi 2011, zikibaki sekunde 31 kompyuta ya ardhini iliziachia kompyuta za ndani ya chombo zimalizie hesabu zenyewe. Watu bado waliweza kuzuia, lakini mkono ulioshika usukani ulikuwa wa mashine. Tarehe 26 Juni 1984 shuttle Discovery ilianza kuwasha injini, kompyuta zikaona hitilafu, zikazima kila kitu sekunde chache kabla ya kuruka. Hakuna binadamu ambaye angewahi.

Cape na Houston: mnara ukishapitwa

Hii ndiyo njia inayojulikana zaidi, na ndiyo nitakayokaa nayo kwa muda mrefu. Roketi huandaliwa na kurushwa na chumba cha urushaji kilichoko kituo cha Kennedy, Cape Canaveral, Florida, chini ya mkurugenzi wa urushaji. Inapoupita mnara wa jukwaa kwa urefu wake wote, usukani unahamia Houston, Texas, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka pale, kwa mkurugenzi wa safari. Saturn V, roketi ya mita 110 iliyowapeleka watu mwezini, ilihitaji sekunde kama kumi hivi kuupita mnara. Shuttle ilikuwa na haraka zaidi. Basi. Maandalizi ya miezi yanaisha, na watu waliolala na roketi ile wanaiachia baada ya muda wa kuvuta pumzi mbili tatu.

Haikuanza hivyo. Wakati wa Mercury, safari za kwanza za Wamarekani angani, kila kitu kiliongozwa kutoka Cape Canaveral yenyewe, kukiwa na mnyororo wa vituo vya kusikiliza vilivyozunguka dunia. Kimoja kilikuwa Unguja. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na kituo cha Zanzibar akipita juu ya bahari yetu hii, na kituo kile kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Houston ilichukua usukani kwa mara ya kwanza katika safari ya Gemini 4, Juni 1965. Tangu hapo ndipo yakawepo makabidhiano ya chumba kwa chumba.

Kwa nini mnara? Sababu yake ni nzuri sana, na ni ya macho. Roketi ikiwa chini, imefungwa kwa mabomba, nyaya na mikono ya chuma ambayo wanaoijua ni watu wa jukwaani. Ikishaupita mnara, hakuna kitu jukwaani kinachoweza kuigonga wala kuisaidia. Na kila mtu anauona mnara. Haihitaji hesabu wala kuulizana kama tayari au bado.

Mfano unaoonyesha uzuri na ubaya wa njia hii kwa pamoja ni Apollo 12, mojawapo ya safari za mwezini. Tarehe 14 Novemba 1969 mvua ilikuwa ikinyesha Florida. Mkurugenzi wa urushaji, Walter Kapryan, aliruhusu. Mnara ukapitwa, usukani ukaenda Houston kwa Gerald Griffin. Sekunde ya 36 na nusu baada ya kuruka radi ikapiga chombo, ya 52 ikapiga tena. Roketi yenyewe na moshi wake mrefu ndivyo vilivyoivuta radi. Vyanzo vyote vitatu vikuu vya umeme wa kapsuli, yaani chumba cha wanaanga kilichoko juu ya roketi, vikajitoa, taa za hatari zikawaka karibu ubao mzima, na namba zilizofika Houston zikawa vurugu tupu.

Katika chumba kile aliketi John Aaron, mwenye miaka 26, msimamizi wa umeme wa kapsuli. Mwaka mmoja hivi kabla, alikuwa akifuatilia kutoka Houston jaribio lililofanyika Kennedy, akaona namba za ajabu za namna ileile, na hakutulia mpaka alipojua zimetoka wapi. Sasa akazitambua. Akatoa agizo fupi la kuhamisha swichi moja ya kifaa cha kurekebisha taarifa kwenda upande wa akiba. Griffin hakuijua swichi hiyo. Kamanda Pete Conrad naye hakuijua. Alan Bean, aliyeketi upande wa kulia, alikumbuka ilipo, akaigeuza, namba zikarudi, na wakafika mwezini.

Hebu tazama kilichotokea. Aliyeruhusu chombo kiruke kwenye mvua alikuwa Kapryan. Aliyebeba matokeo, chini ya dakika moja baadaye, alikuwa Griffin. Huu ndio udhaifu wa njia ya mnara: anayeamua hatari siye anayekaa nayo. Uzuri wake ni kwamba radi ilipopiga hapakuwa na swali la nani aseme. Kennedy hawakuingilia. Aaron alisema, Griffin akakubali, mtu mmoja tu mwenye kuzungumza na wanaanga akapeleka neno.

Udhaifu ule ule ulionekana kwa uchungu tarehe 28 Januari 1986. Shuttle Challenger iliruka asubuhi ya baridi kali, ikavunjika baada ya sekunde 73, watu saba wakafa. Houston ilikuwa imeshika kijiti kwa zaidi ya dakika moja, lakini shuttle haikuwa na njia ya kuwatoa watu wakati ule, kwa hiyo walichopewa kilikuwa usukani usio na kauli ya kunusuru. Tume iliyochunguza iligundua kwamba wasiwasi wa wahandisi kuhusu mipira ya kuzibia maungio kwenye baridi haukuwafikia waliotoa kauli ya kuruhusu. Kwangu hili ni somo zito kuliko la mnara: anayekabidhi kijiti akabidhi na mashaka yake.

Baikonur na Korolyov: mpaka angani

Warusi wanauweka mzani mbali zaidi. Soyuz, roketi yao ya kubeba watu, inarushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, na watu wa urushaji hawaiachii kwenye mnara. Wanakaa nayo ikipanda hatua baada ya hatua, karibu dakika 9, mpaka kapsuli inapojitenga na hatua ya tatu ya roketi. Hapo ndipo kituo cha Korolyov, karibu na Moscow, kinapokea safari.

Mantiki yao nayo ina uzito. Madhali ni roketi, iwe mikononi mwa watu wa roketi. Ikishakuwa chombo cha angani, iwe mikononi mwa watu wa angani. Anayeijua injini hapokonywi injini ikiwa bado inawaka. Na anayeruhusu ndiye anayekaa na matokeo kwa zile dakika mbaya zaidi za safari, jambo ambalo njia ya mnara haina.

Lakini njia hii ilifundishwa kwa moto. Tarehe 26 Septemba 1983 Vladimir Titov na Gennady Strekalov walikuwa juu ya roketi Baikonur, imebaki kama dakika moja na nusu, moto ukashika chini. Wao wenyewe hawakuwa na kitufe cha kujinusuru. Kauli ya kunusuru ilikuwa ya watu wawili walioko katika vyumba viwili tofauti, na ilibidi wabonyeze wote ndani ya sekunde 5, ili mmoja asije akakosea peke yake. Nyaya za taarifa zilikuwa zimeshaungua. Sekunde zikapita watu wakitambua, wakiambiana, wakibonyeza. Kapsuli ilichomoka jukwaa likiwa linaporomoka kwa mlipuko, ikatua kilomita kama 4 kutoka pale, watu wakiwa hai. Kila nikiifikiria namkumbuka kijana wangu na zile hatua nne.

Miaka 35 baadaye, tarehe 11 Oktoba 2018, Aleksey Ovchinin na Nick Hague walikuwa hewani dakika mbili tu pale moja ya roketi za pembeni iliposhindwa kujitenga vizuri, kwa sababu ya kihisio kilichopinda wakati wa kuunganishwa. Safari hii hakuna aliyesubiri watu wawili wabonyeze. Mashine iliona, mashine ikaitoa kapsuli, nao wakatua salama kabla dakika 20 hazijaisha. Mwezi wa tatu uliofuata wakaruka tena pamoja.

Hawthorne: mkono uleule

Njia ya tatu ni changa. Kapsuli ya Dragon ya SpaceX, kampuni binafsi ya Marekani, hurushwa kutoka Florida, lakini inaongozwa kutoka Hawthorne, California, kabla ya kuruka, wakati wa kuruka, na mpaka inapotua baharini. Tarehe 30 Mei 2020, Bob Behnken na Doug Hurley waliporuka, waliyemwita kwenye redio hakuwa Houston. Walikuwa wakisema na Hawthorne, na baada ya mnara waliendelea na Hawthorne ileile. Wapo wanaorusha na wapo wanaoongoza, kazi zimegawanywa, lakini nyumba ni moja, kanuni ni moja, na aliyezungumza na wanaanga chini ndiye anayeendelea kuzungumza nao juu.

Kauli ya kunusuru hapa imepewa mashine mapema mno. Mfumo wa kuitoa kapsuli huwekwa tayari kabla hata mafuta hayajaanza kuingia kwenye roketi, zaidi ya nusu saa kabla ya kuruka, kwa sababu Dragon hujazwa mafuta watu wakiwa ndani. Apollo na shuttle zilijazwa kwanza, watu wakaingia baadaye. Jambo hili lilizua mjadala mkubwa NASA, shirika la anga la Marekani, na mmoja wa waliolipinga kwa maandishi mwishoni mwa 2015 alikuwa Thomas Stafford, mwanaanga mkongwe. Siku ya jaribio la kwanza, tarehe 27 Mei 2020, hali ya hewa ilichafuka, urushaji ukasitishwa zikibaki kama dakika 17, na Behnken na Hurley walilazimika kukaa mle ndani mpaka mafuta yatolewe, mfumo wa kunusuru ukiwa macho muda wote.

Kinachonivutia hapa ni kukosekana kwa ule mwanya wa mkokoteni na karani. Kinachonitia wasiwasi ni hichohicho: nyumba ikiwa moja, macho ya pili yatoke wapi? Kwa Dragon macho hayo ni NASA, ambayo huketi pembeni na ina haki ya kusema hapana. Na kapsuli inapokaribia kituo cha anga, Houston ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu usalama wa kituo. Ni kama meli inapoingia ghuba yetu ya Mtwara. Rubani wa bandari anapanda, anaelekeza kwa sababu anaujua mlango ule mwembamba wa ghuba, lakini nahodha haachi dhamana ya meli yake hata dakika moja. Watu wawili wenye ujuzi, na kila mmoja anajua lililo lake.

Aliye ndani naye

Kabla ya kuchagua, kuna mtu ambaye njia zote tatu zinaweza kumsahau. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, aliporuka tarehe 12 Aprili 1961, usukani wa mkono ulifungwa kwa namba za siri, 125, kwa hofu kwamba angeweza kuchanganyikiwa akiwa angani. Namba ziliwekwa kwenye bahasha ndani ya chombo, na wakubwa wake zaidi ya mmoja walimnong'oneza kabla hajaondoka, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwona akihangaika na bahasha. Wamarekani walifanya tofauti. Kamanda wa Apollo alikuwa na kishikio mkono wa kushoto. Akikizungusha, kapsuli inachomoka.

Tarehe 12 Desemba 1965 Wally Schirra, akiwa na yule Stafford niliyemtaja, aliketi ndani ya chombo cha Gemini 6. Injini zikawaka, zikazima baada ya sekunde moja na kitu. Saa ya ndani ya chombo ilikuwa imeanza kuhesabu kana kwamba wameruka. Kanuni ilimtaka Schirra avute pete ya kujirusha nje na kiti chake, kwa sababu roketi iliyoinuka kidogo ikarudi chini ingelipuka. Hakuvuta. Saa ilisema wameruka, lakini mgongo wake ulimwambia hawajainuka hata inchi. Alikuwa sahihi, na siku tatu baadaye roketi ileile ikawapeleka angani. Hakuna chumba, si Cape si Houston, ambacho kingeweza kuhisi kile ambacho mgongo wake ulihisi.

Saa inayodanganya, kwa njia, bado ipo. Desemba 2019 kapsuli ya Starliner ya kampuni ya Boeing, bila watu ndani, ilichukua saa kutoka kwa roketi iliyoibeba kabla ya wakati wake, ikatofautiana kwa saa 11, na safari ya kwenda kituo cha anga ikaharibika. Makabidhiano yalifanyika, ila kilichokabidhiwa kilikuwa kibovu.

Klabu yako ichague ipi

Kama uko peke yako, mwalimu mmoja na wanafunzi ishirini, chagua njia ya Hawthorne. Sauti moja tangu maji yanapoingia kwenye chupa mpaka chupa inapookotwa. Usimkabidhi mtu usukani kwa ajili ya kupendezesha tu. Lakini jitafutie macho ya pili: mwanafunzi mmoja mkubwa ambaye kazi yake ni kusema "simama" na si kitu kingine chochote, na ukishaisikia unasimama, hata kama unadhani amekosea.

Njia ya Baikonur ningempa mwenye kidato cha tano na sita, wanafunzi wanaojenga roketi zenye mwavuli wa kushukia. Walioijenga waishike mpaka mwavuli ufunguke, kwa sababu wao ndio wanaojua kamba imekunjwa vipi. Hatari yake nimeiona kwa macho: aliyeijenga huitazama roketi yake kama mzazi anavyomtazama mtoto, na mtu anayetazama juu hawaoni watoto wa darasa la pili wanaokatiza kiwanjani kwenda kuchota maji. Ukiichagua hii, weka mtu wa kutazama chini, na usimpe kazi nyingine.

Kwa klabu zilizo nyingi huku kwetu, walimu wawili na kiwanja kilicho wazi, mimi nasimama na Houston. Chupa yetu hukaa hewani sekunde chache tu, na hatari yake ni mbili zilizoachana kabisa. Kabla ya kuruka, hatari iko kwenye presha na pini, na anayezijua ni mwenye pampu. Baada ya kuruka, hatari iko mahali itakapoangukia, hasa kusi likivuma, na anayepaona ni aliyesimama mbali. Kazi mbili, watu wawili, na alama moja kati yao inayoonekana na wote. Mnara.

Ila nimeongeza mambo ambayo njia ile peke yake haitupi. Kauli ya "simama" ni ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mpaka kamba inapovutwa. Kauli ya kunusuru haisubiri watu wawili, tangu nisome habari za Titov na Strekalov siwezi tena kuivumilia kanuni ya namna hiyo. Presha ya pampu haizidi paundi 60. Na kuna kamba ya pili, ndefu ya mita 15, ya kuachia upepo kutoka mbali, ili chupa iliyokwama isihitaji mtu kuisogelea kamwe.

Lile la chupa kukwama ndilo lililotuchukua muda mrefu kulipanga, na aliyeliuliza ni kijana yuleyule. "Mwalimu, tukishahesabu mpaka moja na isitoke, ni ya nani?" Mwenzangu na mimi tukatazamana, maana hapo ndipo tulipoangushana mwaka jana. Yeye alidhani hesabu ikiisha kijiti ni chake. Tukakubaliana kwamba hesabu haikabidhi kitu. Saa inaweza kwenda na chombo kisiende. Madhali chupa haijaupita mnara ni ya mwenye pampu, hata ikikaa pale mpaka adhuhuri.

Mnara wetu ni mwanzi wa mita nne, umechimbiwa hatua mbili nyuma ya kirushio, ncha yake imepakwa rangi nyekundu. Anayesimama kando kuutazama ni kijana wa sikio, sasa yuko kidato cha tatu, aliomba mwenyewe. Chupa ikipita ile nyekundu anapaza sauti, "Imepita!", na kabla hajamaliza silabi ya mwisho mimi nimeshafunga mdomo, nimeinua mikono juu mbali na pampu ili kila mtu aione, na mwenzangu chini ya mkorosho ameanza kutaja inakoangukia: ukutani, golini, barabarani. Tunarusha Jumamosi, saa mbili asubuhi, kusi likiwa bado halijaamka.